Kima: stesheni iliyofanya kazi miaka mia, sisi tunakumbuka usiku mmoja

Ukimuuliza mtu wa Nairobi kuhusu stesheni ya Kima, kama anaijua kabisa, atakupigia story ya simba. Mzungu alienda kuwinda simba, simba ndo akamwinda yeye, kwisha maneno. Na sisemi hiyo story si tamu, ni tamu sana, na nitaisimulia hapa chini juu najua wengine wenu mmefungua hii kwa sababu yake. Lakini kitu hunikera ni kwamba pale mahali watu walifanya kazi mchana na usiku kwa zaidi ya miaka mia, babu yangu akiwa mmoja wao, na hakuna mtu huuliza walikuwa wanafanya nini.

Kwa wale hawajui, Kima iko Makueni, kwa ile reli ya zamani, kati ya Konza na Sultan Hamud. Ukienda Mombasa na basi unapita hizo sehemu na hushtuki hata. Ukienda na SGR, ile reli mpya, ndo mbaya zaidi, unapita na kasi huku ukiangalia simu.

Wacha tuanze na simba tumalizane naye.

Reli ilianza kutandikwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na hapo Nairobi palikuwa matope, hema na stoo ya vyuma tu. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga hadi Kisumu, ambako ilifika Desemba 1901, na kama 2,500 kati yao walikufa. Wengi wetu tunajua wale simba wawili wa Tsavo wa 1898, ambao kwa sasa wako Chicago kwenye jumba la makumbusho wamejazwa, hata sijui mbona bado wako huko lakini hiyo ni vita ya siku ingine. Simba wa Kima ni mwingine kabisa. Huyu alikuja 1900, wakati reli ishapita na treni zinatembea, na hakuwa anavamia kambi ya wajenzi, alikuwa anavamia stesheni yenyewe.

Alikuwa na kiburi huyo simba. Kuna usiku alipanda juu ya paa la stesheni akaanza kung'oa mabati ili amfikie jamaa wa telegrafu aliyekuwa ndani, na jamaa akatuma ujumbe kwa laini akiomba msaada haraka, ati simba anapigana na stesheni. Mabati yakamkata miguu simba akaondoka akitoka damu. Alafu kuna dereva wa treni aliyejificha ndani ya tangi la maji la chuma, akalitoboa tundu la kupitisha bunduki, akangoja. Simba akaja kweli, lakini badala ya kukaa mahali anaweza kupigwa akaangusha tangi akaanza kuingiza mkono kwenye mdomo wa juu, pale jamaa aliingilia, kumtafuta mtu. Risasi ilikosa lakini mlio ukamtoa mbio. Mimi hiyo ya tangi ndo huwa naifikiria sana usiku, umejifungia kwenye debe mwenyewe na sasa mkono wa simba uko humo ndani na wewe.

Ndo akaja Ryall, afisa wa polisi wa reli. Ilikuwa Juni 1900, alikuwa anasafiri kuja Nairobi akasikia simba ameonekana karibu na stesheni muda mfupi tu kabla treni yake ifike, akaamua bogi lake litolewe kwa treni liachwe njia ya pembeni walale hapo wamngoje. Walikuwa watatu, yeye na marafiki zake wawili, Huebner na Parenti. Ryall akashika zamu ya kwanza, na inaonekana usingizi ukamshika. Bogi halikuwa limekaa sawa, lilikuwa limelala upande kidogo, kwa hivyo simba alipoingia kwa ule mlango wa kusukuma, uzito wake ukafanya mlango ujifunge wenyewe nyuma yake. Sasa wako ndani wote wanne. Parenti alikuwa amelala sakafuni na simba akamkanyaga ndo amfikie Ryall. Huebner alikuwa kitanda cha juu, na njia pekee ya kutoka ilikuwa kuruka, na alipoteremka aliangukia mgongo wa simba, alafu akapata mlango wa upande wa pili umeshikiliwa na wafanyakazi walioko huko wasitake simba aingie kwao, ikabidi auvute kwa nguvu zake zote mpaka akapata nafasi ya kupenya. Simba akatoka na Ryall kwa dirisha.

Baadaye simba alinaswa kwa mtego, akawekwa watu waje wamwone siku kadhaa, akapigwa risasi. Ryall amezikwa hapa hapa Nairobi, South Cemetery.

Na lile bogi liko. Liko Makumbusho ya Reli, pale nyuma ya stesheni kuu, makumbusho yaliyofunguliwa 1971. Nenda Jumapili moja, peleka watoto, wataparamia mainjini utapata hewa. Bogi ni la mbao na ni dogo kushinda unavyofikiria, ukisimama ndani unaona vile hakukuwa na mahali pa kukimbilia. Mimi husimama kwa dirisha. Nimelipima kwa mikono mara mingi na bado akili inakataa kwamba simba mzima na mtu mzima walipita hapo, lazima fremu na kila kitu kiliondoka.

Sawa. Sasa angalia hii kitu: jina la Ryall tunalo, kaburi lake liko, bogi lake limepakwa rangi. Wale wafanyakazi simba aliowachukua Kima kabla yake, ambao ndo walifanya mzungu aone haja ya kushuka hapo na bunduki, hawa hakuna kibao. Na si eti waliuawa wakiwa wanawinda ama wanatafuta sifa. Walikuwa kazini. Kazi yenyewe ndo ilikuwa inawatoa nje usiku, na kuelewa hiyo lazima uelewe stesheni ndogo ilikuwa ya nini.

Watu hudhani stesheni ni mahali pa abiria kupanda na kushuka. Kwa reli ya zamani hiyo ilikuwa kazi ya pili. Reli ni njia moja tu toka Mombasa mpaka Nairobi, kama kilomita 530, na treni zinaenda pande zote mbili. Zinapishana wapi? Stesheni. Pale ndo kulikuwa na njia ya pembeni, treni moja inaingia inangoja, ingine inapita, alafu iliyongoja inaendelea. Stesheni masta anapiga simu stesheni inayofuata, njia iko wazi? Akijibiwa iko wazi anatoa kibali, dereva anakipokea mkononi, na bila hicho kibali treni haitoki hata kama ndani kuna gavana. Stesheni masta mmoja akisinzia ama akikosea, treni mbili zinakutana uso kwa uso porini.

Alafu kulikuwa na yule wa kuvuta leva ili reli igeuke treni iingie njia ya pembeni. Na taa. Zile signali za mikono, nguzo zenye mkono wa kuinuka na kushuka kumwonyesha dereva, zilikuwa na taa za mafuta juu, na taa haijijazi mafuta, lazima mtu atembee na galoni mpaka huko signali iko, nje kabisa ya stesheni, apande ngazi, ajaze, apanguse kioo, awashe, arudi. Kila jioni, mvua ama kiangazi. Ikizimika usiku anarudi tena. Huyo ndo simba wa Kima alikuwa anamngoja, si Ryall.

Babu yangu alikuwa huyo mtu. Si 1900, msinicheke, yeye aliingia reli miaka ya 50, wakati ikiitwa East African Railways and Harbours, na alihamishwa hamishwa stesheni za hapo kati ya Konza na Emali kabla hajaletwa Nairobi akapewa chumba Muthurwa, kwa zile landhies za wafanyakazi wa reli. Susu, yaani nyanya yangu, alibaki nyumbani na shamba, na watoto walikuwa wanakuja Nairobi likizo na treni, daraja la tatu, viti vya mbao, kwa karatasi ya bure waliyokuwa wanapewa familia za wafanyakazi.

Nikiwa mdogo nilijua story ya simba kwa sababu ya shule, kwa hivyo nikamuuliza, "Babu, si mlikuwa mnaogopa simba huko Kima?" Akanitazama. "Simba gani wewe. Tulikuwa tunaogopa inspekta."

Inspekta alikuwa anakuja bila kutangaza na kidude cha reli, kale kagari kadogo, na kitu cha kwanza alikuwa anaangalia ni kioo cha taa kama kina moshi. Babu mpaka amezeeka alikuwa akishika taa yoyote, hata ya stima, lazima apanguse. Alikuwa na taa yake ya mkono ya reli, ile yenye vioo vya rangi, unazungusha kichwa inatoa nyekundu, unazungusha tena inatoa kijani. Kioo cha kijani kilikuwa na ufa na alikishikilia na waya mwembamba aliofinya vizuri hadi ukipitisha kidole hauhisi ncha. Hakuna mjukuu alikubaliwa kuizungusha kwenda nyekundu mbele yake. Ati nyekundu si ya kuchezea, kuna mtu mahali atasimama.

Yeye ndo alinielezea stesheni zilianza kufa lini, na hapa ndo mimi hukosana na watu kwa mtandao, juu kila mtu anasema SGR iliua reli ya zamani. SGR ilikuta mgonjwa hoi kitandani.

Injini za mvuke zinakunywa maji. Zamani zilichoma kuni, ndo maana ile miti ya bluegum ilianza kuletwa nchini 1902, ilikuwa ya kulisha treni, si ya kujengea mjengo. Baadaye zikachoma mafuta mazito lakini maji ni yale yale. Hata zile kubwa za Garratt, class 59, zilizotengenezwa Manchester miaka ya 50, tani 252, zote zikaitwa majina ya milima ya Afrika Mashariki, ile Mount Gelai iko pale makumbusho uende uiguse, hata hizo na ukubwa wake wote lazima zisimame mahali zinywe. Treni ikisimama watu wanatokea. Mama anauza mayai, mwingine machungwa, mwingine maziwa kwa chupa ya soda, mtoto anauza maji. Hivo ndo vituo vingi vya hiyo njia vilipata soko, na soko likapata duka la Mhindi, na duka likaleta posta na shule. Angalia Makindu, lile hekalu la Kalasinga la 1926 ambapo hadi leo ukisimama unapewa chakula bure bila kuulizwa dini, hilo ni mtoto wa reli.

Dizeli zikaanza kuingia miaka ya 60. Dizeli hainywi maji hivo, inaenda mbali kabla ya kuhitaji kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 80 mvuke ulikuwa umeisha. Babu alisema siku za mwisho za mvuke hakuna mtu alilia, wafanyakazi walifurahi, kazi ilikuwa chafu na moto. Ni wale mama wa mayai walioona kitu kimebadilika, treni inapita hata haipunguzi mwendo, na wewe umesimama na beseni.

Alafu lami. Barabara ya Mombasa ilipowekwa lami na mabasi yakawa mengi, mtu wa Kima wa kwenda Nairobi angengoja treni ya nini, tena treni inayokuja saa inayotaka? Anatembea hadi barabarani anapunga mkono. Stesheni ilijengwa mahali reli inataka, barabara ikapita mahali pake, na duka zikahama polepole kufuata barabara. Ukienda miji mingi ya hiyo njia utaona hivo hivo, upande wa reli nyumba za zamani za mabati zimefungwa, upande wa lami ndo kuna nyama choma na Mpesa.

Juu ya hayo weka siasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, reli ikagawanywa, 1978 ikawa Kenya Railways peke yake na mainjini yaliyozoea kutengenezwa pamoja yakagawanywa pia. Miaka ya 90 kila kitu cha serikali kilikuwa kinabomoka. 2006 ikapewa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25, na mkataba ukavunjwa 2017 kabla hata ya nusu. Kwa hizo miaka treni ya usiku ya Mombasa bado ilikuwepo, watalii waliipenda, ilitoka Nairobi jioni na ilifika asubuhi ama saa sita ama Mungu akipenda. Kima iliipita gizani. Mwisho wa Aprili 2017 ikaacha.

Tarehe 31 Mei 2017 Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, ikazinduliwa. Hesabu stesheni za abiria: Nairobi, Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi, Mariakani, Mombasa. Tisa. Konza haipo, na hiyo ndo makutano ya reli ya Magadi tangu 1915. Sultan Hamud haipo, Makindu haipo. Kapiti haipo, mahali Roosevelt, yule rais mstaafu wa Marekani, alishuka 1909 kuanza safari yake ya kuwinda baada ya kusafiri amekaa kwa kiti mbele kabisa ya injini ati aone wanyama vizuri. Na Kima haipo. Silalamiki, treni inayosimama kila kilomita kumi haiwezi kukufikisha Mombasa kwa masaa matano, na mimi mwenyewe hupanda SGR na nafurahia. Nasema tu mtu asiniambie ilikuja ikapata stesheni zimejaa watu ikawafukuza.

Kitu kinaniuma saa hii ni kingine. Reli ya zamani ni chuma, na chuma ni pesa. Taruma za chuma, zile hulala chini ya reli, boliti, vibao, leva, hadi kengele, vitu vimekuwa vikiondoka usiku huko njiani kwa miaka. Januari 2022 serikali hata ilisimamisha biashara yote ya vyuma kuukuu kwa miezi kadhaa baada ya nguzo za stima kuangushwa, ikafunguliwa Mei. Kwa stima watu walishtuka juu giza liliingia kwa nyumba zao. Kwa leva ya Kima nani atashtuka? Na hiyo leva ingewekwa kando ya lile bogi hapo makumbusho, pamoja na taa moja ya signali na galoni la mafuta, mtoto wa shule angeelewa haraka kwa nini simba alikuwa anapata watu.

Nilishawahi kusema haya kwa mzee mmoja aliyefanya kazi na babu, tukiwa Muthurwa sokoni tumekaa kwa benchi ya chai. Nikamwambia wangeweka vitu vya wafanyakazi, si bogi la afisa tu. Akasema, "Kijana, hiyo taa ya babu yako iko wapi?"

Iko kwa mjomba, Kayole, juu ya kabati. Nimemwambia mjomba tuipeleke makumbusho tuwaulize kama wataichukua. Amesema atafikiria, na mkewe amesema ikitoka hapo yeye atapata mahali pa kuweka thermos.

Kama una mzee wako aliyefanya kazi hizo stesheni, Ulu, Kiu, Kima, Simba (ndio, kuna stesheni inaitwa hivo), hata Stony Athi, muulize alikuwa anafanya nini saa nane usiku. Usianze na simba, ukianza na simba atakupa tu ile story unajua.